Nani alitangulia kupanda Mlima wa Mungu?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii tutapanda mlima. Tutapanda kwa mazungumzo tu, maana wengi wetu hapa Dodoma kesho asubuhi tuna kazi. Mlima wenyewe ni Ol Doinyo Lengai, ambao kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Upo wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha, kusini mwa Ziwa Natron. Una urefu wa mita zipatazo 2,960 kutoka usawa wa bahari, na ndio mlima wa volkano ulio hai kuliko yote katika nchi yetu.

Wageni kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko husafiri maelfu ya maili kuja kuupanda mlima huu kwa siku moja. Siku hiyo huanza usiku. Mgeni hulala katika kambi karibu na kijiji cha Engare Sero, huamshwa mnamo saa tano au saa sita za usiku, hupewa chai na tochi, kisha hupelekwa kwa gari hadi chini ya mlima. Hapo huanza kupanda gizani, kwa sababu mchana jua la bonde lile halina huruma, na mlimani hakuna mti wa kivuli wala tone la maji. Njia ni ya majivu na mawe yanayoteleza, na kadiri mtu anavyokwenda juu ndivyo mteremko unavyozidi kusimama, hata mwishoni anatambaa kwa mikono na magoti. Kupanda ni zaidi ya mita 1,500. Alfajiri, akijaliwa, mgeni husimama kwenye ukingo wa kasoko, yaani lile shimo la kileleni, akasikia mlima ukikoroma chini yake. Kabla ya adhuhuri huwa amesharudi kambini, magoti yakitetemeka, na ana hadithi ya kuwasimulia watu wa kwao mpaka uzeeni.

Hadithi hiyo tumeisikia mara nyingi. Ambayo hatuisikii ni ya mtu aliyetembea mbele ya mgeni huyo usiku kucha. Kijana huyo wa Kimaasai, mwenye rungu na makubazi ya tairi, ndiye aliyejua pa kukanyaga na mahali ambapo ukanyagapo huinuki tena. Mazungumzo ya leo yanamhusu yeye na wenzake waliomtangulia. Yanatuhusu na sisi watu wa Dodoma pia, kwa sababu ambayo nitaieleza hivi punde.

Kazi ya kuwatangulia wageni njiani si ngeni katika uwanda huu wa kati. Zamani za misafara, kati ya Bagamoyo na Tabora, mtu aliyetembea mbele ya wapagazi aliitwa kirangozi. Huyo ndiye aliyebeba bendera, na ndiye aliyejua kisima kipi kina maji na kipi kimekauka. Msafara uliotoka Mpwapwa ulikuwa na mbuga ya Marenga Mkali mbele yake, nchi kame ambayo jina lake lenyewe lina habari ya maji makali. Baada ya hapo ndipo ilipoanza Ugogo, na huko hapakuwa na kupita bure. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, na asiyelipa hakuchota maji. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walipita nchi hii wakielekea Ziwa Tanganyika. Miongoni mwa watu wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa ameuzwa utumwani utotoni hadi India, kisha akarejea Afrika akiwa mtu huru. Bombay alisafiri tena na Speke, akasafiri na Stanley mwaka 1871, na baadaye na Cameron. Kwa hesabu ya njia alizozikanyaga, aliijua bara kuliko mabwana zake wote. Lakini maziwa na mito ilipopewa majina mapya, hakuna ziwa lililoitwa kwa jina la Bombay.

Milimani mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 1883 daktari Mjerumani, Gustav Fischer, alitoka Pangani na msafara wa watu wa pwani, akapita Umaasai karibu na Ol Doinyo Lengai, akaandika habari za mlima unaofuka moshi. Miaka hiyo hiyo Pangani ilikuwa na mtu mashuhuri kwa jina la Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeijua njia ya Umaasai kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kisimani kwake. Kimemeta alimsaidia Mskochi Joseph Thomson kuvuka nchi hiyo mwaka 1883 na 1884. Kisha mwaka 1887 na 1888 akaongozana na Teleki, bwana mkubwa kutoka Hungaria, hadi Ziwa Turkana. Kusini mwa ziwa hilo walikuta volkano iliyokuwa ikitoa moshi. Volkano hiyo ipo mpaka leo katika ramani za Kenya, na inaitwa Teleki.

Hata kwa Kilimanjaro ni vivyo hivyo. Kila mtoto wa shule anafundishwa kwamba Hans Meyer alifika kileleni mwezi Oktoba 1889. Kitabu cha Meyer mwenyewe kinamtaja Mwini Amani wa Pangani, aliyekaa katika kambi ya juu kwenye baridi kali akilinda moto na kupika, ili mabwana wawili wapate nguvu ya kupanda. Jina la Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga wa Marangu, lilivuma zaidi mwaka 1989, nchi ilipoadhimisha miaka 100 ya safari ile na kumheshimu yeye kuwa ndiye kiongozi wa njia. Mzee Lauwo alifariki mwaka 1996. Miaka 100 ni muda mrefu wa kungoja kutajwa.

Sasa nirudi Ol Doinyo Lengai na kutimiza ahadi yangu ya kueleza Dodoma inaingiaje.

Mwaka 1925 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha idara ya jiolojia, na makao yake yakawekwa hapa Dodoma. Idara hiyo imebadilika jina mara kadhaa, na leo ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo makao yake bado yapo hapa hapa. Kutoka mji huu mdogo wa reli na vumbi walitoka wataalamu waliozunguka nchi nzima na nyundo zao, wakipima mawe na kuchora ramani. Mmoja wao alikuwa Mwingereza kijana, John Barry Dawson. Mwaka 1960, akiwa mfanyakazi wa idara hiyo, Dawson alifika katika kasoko ya Lengai na kuona jambo ambalo wasomi wengi wa wakati ule walikuwa hawajakubali kuwa linawezekana.

Aliona lava nyeusi, nyepesi kama tope la masika, ikitiririka juu ya sakafu ya kasoko. Lava ya volkano nyingine huwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na usiku huwaka nyekundu kama makaa. Ya Lengai ina joto la nyuzi kati ya 500 na 600 tu, kwa hiyo mchana huionei wekundu wowote, na mtu asiyejua anaweza kuidhania matope ya kawaida. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Ikishapoa, hunyonya unyevu wa hewa, na katika muda wa saa au siku chache weusi wote hutoweka ikawa nyeupe kama chokaa. Ndiyo maana kilele cha mlima huonekana kwa mbali kama kina theluji.

Na lava hiyo imeumbwa na nini? Ndugu wasikilizaji, sehemu yake kubwa ni chumvi za jamii ya magadi. Naam, magadi yale yale ambayo mama zetu hapa Ugogo huyatia katika mlenda ili uvutike vizuri, na mama lishe huyatia katika maharage ili yaive upesi. Duniani kote hakuna volkano nyingine inayojulikana leo ambayo inatema lava ya namna hiyo. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamebishana kwa miaka mingi kama mawe ya jamii ya chokaa yanaweza kutoka chini ya ardhi yakiwa yameyeyuka kwa moto. Dawson alichapisha matokeo yake mwaka 1962 katika jarida la Nature la Uingereza, na kwa jambo hilo ubishi ukaisha. Sayansi ya mawe hayo ina manufaa pia, maana katika miamba ya asili hiyo hupatikana madini kama niobi, ambayo yapo katika kilima cha Panda karibu na Mbeya.

Basi ugunduzi ambao jina la nchi yetu linatajwa kwao katika vyuo vikuu vya dunia ulifanywa na mtu wa ofisi ya Dodoma. Ni wangapi kati yetu tunaopita mbele ya ofisi hizo kila siku tunajua hivyo?

Hata hivyo, nisije nikalirudia kosa lile lile ninalolilalamikia. Dawson alistahili sifa yake, maana kuingia ndani ya shimo lile na kuchukua sampuli si kazi ya mtu mwoga. Lakini mlima haukungoja mwaka 1960 ili ujulikane. Ulilipuka mwaka 1917, ukalipuka 1926, ukalipuka tena kati ya 1940 na 1941, na 1966 ukatupa majivu mbali. Kila mara watu wa kwanza kuona walikuwa wachungaji. Hao hawakuwa na jarida la kuandikia. Walichokuwa nacho ni ng'ombe, na majivu yale yenye magadi yanapoangukia majani na maji, ng'ombe ndiye anayetoa taarifa ya kwanza. Mchungaji anayejua upepo unavuma upande gani na majani ya wapi yamesalimika ana elimu ya volkano, hata kama hajawahi kuliona darasa.

Tena kwa Wamaasai mlima huu si mahali pa kutembelea tu. Ni makao ya Engai, yaani Mungu, na wapo waendao chini yake kuomba mvua au mtoto. Jirani zao Wasonjo nao wanauheshimu. Kwa hiyo kijana anayempandisha mgeni usiku anabeba mambo mawili kwa pamoja, mzigo wa mgeni na heshima ya wazee wake.

Hapa wapo watakaonipinga, na wana haki ya kusikilizwa. Wa kwanza watasema kwamba kupandisha wageni ni kibarua kama vibarua vingine, mtu analipwa ujira wake na mambo yameisha, hakuna historia ya kuandika. Wa pili watasema kinyume chake, kwamba mahali patakatifu hapafai kuuzwa kwa tiketi, na kwamba kijana anayempandisha mgeni kwa fedha anauza kisicho chake.

Hao wa pili nawajibu kwa ufupi kwamba jambo hilo ni la wenyewe wa Engare Sero kuamua, mimi na wewe tusiwaamulie kutoka Dodoma. Lakini wa kwanza nitawajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu wanachokisema kinaweza kugharimu maisha ya watu.

Mwaka 2007, mwezi Julai, ardhi ya kaskazini ilianza kutikisika mfululizo. Tetemeko la tarehe 17 Julai lilisikika hadi Nairobi. Mwanzoni mwa Septemba mlima ulilipuka kwa kishindo, tofauti na ile lava ya kuchuruzika taratibu iliyokuwa imezoeleka tangu 1983. Majivu yalipanda angani kwa kilomita nyingi, familia zikahama na mifugo yao, na milipuko iliendelea kwa vipindi hadi mwaka 2008. Sakafu ya kasoko ambayo wageni walikuwa wakitembea juu yake, na wengine wakilala usiku kucha ndani ya mahema, iliporomoka yote na kuwa shimo refu. Nani alikuwa akipanda mlima ule wiki hadi wiki kabla ya mlipuko? Nani angeweza kusema kwamba harufu imebadilika, au kwamba ufa uliokuwa mwembamba umepanuka? Mtaalamu hufika mara moja kwa mwaka, kama fedha ya safari ikipatikana. Kiongozi wa njia yupo pale kila wiki.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya kaskazini peke yake. Bonde la Ufa halikuishia Manyara, tawi lake limeshuka mpaka huku kwetu Bahi. Ukitoka Singida kwenda Babati unauona Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, nao ni volkano, ila imelala siku nyingi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima huo vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile uvumi ulienea kama moto wa nyikani kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa jiolojia waliokwenda kuchunguza walieleza kwamba halikuwa volkano. Sehemu ya mlima yenye mwamba dhaifu ilinyonya maji ikalemewa, ikameguka, na tope likafuata mkondo wa mto mpaka kwa watu.

Maelezo hayo yalikuja watu wakiwa wameshazikwa. Simlaumu mtu, kwa kuwa mvua ile haikuwa ya kawaida. Ila najiuliza: wale wanaopanda Hanang kila mara, kukata kuni, kuchunga na kuwapeleka wageni kileleni, waliulizwa lini mara ya mwisho kuhusu nyufa na chemchemi za mlima wao? Majibu yao yaliandikwa katika daftari gani?

Tutazame na jirani. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni, umejengwa chini ya volkano ya Nyiragongo. Mlima huo ulipasuka mwaka 1977, ukapasuka tena tarehe 17 Januari 2002 na lava ikapita katikati ya mji, maelfu kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi upande wa Rwanda. Kwa miaka mingi baada ya hapo walinzi wa hifadhi ya Virunga waliwapandisha wageni kileleni kulitazama ziwa la lava, na mji una kituo chake cha kuuchunguza mlima. Lakini mwaka 2020 fedha za wafadhili wa kituo hicho zilikoma, na kwa miezi kadhaa hakikuwa hata na intaneti ya kupokea taarifa za vipimo vilivyoko mlimani. Intaneti ilirudishwa mwezi Aprili 2021. Mlima ukalipuka tarehe 22 Mei mwaka huo huo, jioni, bila ya watu kupewa onyo.

Fundisho la Goma ni kwamba chombo cha mgeni ni kizuri, lakini mgeni akiondoka na fedha yake chombo hunyamaza. Jicho la mwenyeji halisubiri mfadhili. Busara ni kuviunganisha viwili hivyo, kipimo cha mtaalamu na jicho la anayeishi pale. Kwa hapa kwetu jambo hilo halihitaji mabilioni. Linahitaji daftari, simu, na mtu wa ofisi ya Dodoma anayelijua jina la kijana wa Engare Sero au wa Katesh, na ambaye atapokea simu yake hata ikipigwa usiku.

Na linahitaji heshima. Katika mawe ya Engare Sero kuna nyayo za watu zaidi ya 400, waliokanyaga tope la majivu ya volkano maelfu ya miaka iliyopita, na tope hilo likagandamana likawa mwamba. Dunia ya sayansi ilizijua nyayo hizo baada ya mwenyeji wa kijiji kuzionyesha. Hao nao walikuwa wapita njia chini ya Mlima wa Mungu, na bila shaka mmoja wao alitangulia mbele akiwaonyesha wenziwe njia. Jina lake hatutalijua kamwe, maana wakati ule hapakuwa na kalamu.

Sisi leo kalamu tunazo. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Anayekwenda mlimani kila wiki ameokota mengi. Tukiendelea kumwona kuwa mbeba mizigo tu, yatapotea pamoja naye kama yalivyopotea ya kina kirangozi wa Ugogo, waliojua visima vyote vya njia hii na hatukuwauliza.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukijaliwa likizo usidhani kwamba mlima ni wa Wazungu peke yao. Barabara ya lami sasa inatoka hapa Dodoma, inapita Kondoa na Babati mpaka Arusha, na njiani unaweza kuutazama Hanang na kuwakumbuka wa Katesh. Ukifika Engare Sero na kukuta kijana anakungoja na tochi saa sita za usiku, muulize jina lake, na babake alimpandisha nani. Ukirudi, liandike jina hilo kabla ya jina la mlima.

Nawatakia jioni njema. Tukutane tena wiki ijayo.